Nyumba Njema si Mlango: Vioo katika Majengo ya Biashara ya Tanga

(Haya ni maelezo ya hotuba iliyosomwa mjini Tanga mbele ya watumishi wa serikali na walimu.)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya vioo katika majengo, baadhi ya marafiki zangu walicheka. Walisema, "Vioo ni kazi ya fundi na mwenye duka, walimu na makarani wa serikali wana haja gani navyo?" Niliwajibu kwamba wao ndio wenye haja navyo kuliko watu wote. Ni ninyi mnaokaa katika kamati za zabuni, na ni ninyi mnaopitisha michoro katika halmashauri. Ni ninyi pia mnaochaguliwa kuwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, siku chama kinapoamua kujenga jengo la kupangisha. Tena, jengo likiisha kujengwa, ni ninyi mnaokaa ndani yake kuanzia asubuhi hadi jioni kwa miaka thelathini.

Isitoshe, huu ni wakati wa kujenga. Tanga ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005. Tarehe 5 Agosti, 2017, liliwekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda. Bandari yetu imepanuliwa. Penye shughuli hapakosi ofisi, hoteli, mabenki na maduka. Basi hapana shaka kwamba katika miaka ijayo sura ya mji huu itabadilika. Swali ni moja tu: je, itabadilika kwa akili yetu wenyewe, au kwa kuiga picha tulizoziona za miji ya watu wengine?

OFISI YENYE MAPAZIA

Niruhusuni nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Siku moja nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja jina, iliyokuwa imefanyiwa ukarabati si siku nyingi. Ukuta wa mbele, uliokuwa zamani na madirisha ya mbao na kibaraza, ulikuwa umebomolewa na mahali pake pakawekwa kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini. Kwa nje kilimeta kama bahari, na wapita njia walisimama kujitazama. Ukuta huo ulielekea magharibi.

Niliingia saa tisa alasiri. Mapazia mazito yalikuwa yameshushwa pande zote. Taa zote zilikuwa zinawaka, ilhali nje jua lilikuwa kali la kuumiza macho. Mahali pazia lilipokuwa fupi, kioo kilikuwa kimebandikwa kurasa za gazeti kwa gundi. Binti mpokea fedha alikuwa amesogeza meza yake hadi kwenye pembe ya chumba, akajitanda khanga upande mmoja wa uso kwa sababu ya joto lililokuwa likitoka katika lile pazia. Nilimwuliza, "Kwani kiyoyozi hakifanyi kazi?" Akanijibu, "Kinafanya kazi, baba, lakini jua nalo linafanya kazi."

Ndugu zangu, jibu la binti yule lilikuwa somo zima la usanifu wa majengo. Fedha zimetumika kununua kioo ili mwanga uingie. Fedha nyingine zikatumika kununua mapazia ili mwanga usiingie. Zikatumika tena kuwasha taa kwa kuwa mwanga hauingii, na hatimaye zinatumika kila mwezi kuliondoa joto lililoletwa na kile kioo cha kwanza. Wazee walikwisha sema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

KIOO SI MGENI PWANI

Wasije wakatokea watu wakadhani kwamba nimekuja kukilaumu kioo kama kitu cha kigeni. Kioo kimefika pwani hii zamani sana. Shanga za kioo zililetwa na wafanya biashara wa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta katika magofu ya miji yetu. Hapa karibu, Tongoni, wazee wetu walijenga makaburi ya mawe na chokaa wakapachika ndani yake vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo. Watu hao hawakuogopa vitu vizuri vya mbali. Walivipenda, wakavinunua, wakavitia mahali pake panapostahili.

Lakini nyumba zao walizijenga vipi? Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, madirisha ya wastani yenye milango ya mbao, na baraza mbele ya mlango. Zanzibar, wakati wa Sultani Barghash, lilipojengwa Jumba la Ajabu mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana kila ghorofa ili jua lisiguse kuta za vyumba. Wajerumani nao, pamoja na ubaya wa utawala wao, walilielewa jua la Tanga. Litazameni jengo la zamani la hospitali ya Bombo, juu ya jabali lile linaloitazama bahari: lina matao na varanda zinazoizuia miale ya jua, na zinazouachia upepo upite. Wafanya biashara wenye asili ya Bara Hindi nao waliofungua maduka hapa mjini waliweka vibaraza vilivyofunikwa mbele ya maduka yao, ili mnunuzi atembee kivulini tangu duka la kwanza hadi la mwisho.

Hata kioo cha rangi walikijua. Ile Zahanati ya Zamani ya Zanzibar, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19 na kukarabatiwa katika miaka ya 1990, ina vioo vya rangi vinavyopendeza mno. Lakini viwekwe wapi? Vikawekwa chini ya roshani za mbao zilizonakshiwa, kivulini. Mwanga unapita, jua halipiti. Kutenganisha mwanga na jua ndiyo elimu yenyewe.

KIOO NA JUA HUFANYAJE?

Walimu wa sayansi watanisaidia hapa. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha karibu asilimia 80 ya nguvu ya jua inayokipiga. Nguvu hiyo ikifika ndani huangukia meza, sakafu, majalada na migongo ya watu, navyo vikapata moto. Vitu hivyo hutoa joto la namna nyingine, ambalo kioo hakilipitishi kwa wepesi kurudi nje. Basi joto huingia kama mgeni na kukaa kama mwenyeji. Kila aliyewahi kuacha gari juani huku vioo vimefungwa ameusoma mtihani huu bila ya kitabu.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Ukuta unaoelekea magharibi, alasiri isiyo na mawingu, huweza kupokea kiasi cha wati 600 kwa kila mita moja ya mraba. Kioo kikipitisha asilimia 80, huingia wati 480. Ofisi yenye kioo cha mita 20 za mraba itapokea karibu wati 10,000. Pasi moja ya umeme huwa na wati 1,000 hivi. Maana yake ni kwamba mwenye ofisi hiyo amewasha pasi kumi, akazipanga mbele ya watumishi wake, kisha akawahimiza wafanye kazi kwa bidii. Halafu anaitwa fundi wa viyoyozi kuja kupambana na zile pasi kumi, na hati ya umeme inatumwa kwa umma.

Jumba la vioo lililosifiwa kuliko yote duniani katika karne ya 19 ni lile la maonyesho lililojengwa London mwaka 1851. Lilitumia karibu vipande 300,000 vya kioo. Aliyelisanifu, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani, na ujuzi wake aliupata katika kujenga vibanda vya vioo vya kuoteshea mimea ya nchi za joto katikati ya baridi ya Uingereza. Yaani jengo la kioo, kwa asili yake, ni chombo cha kuileta hali ya Tanga mjini London. Nasi leo tunakichukua chombo hicho tukakisimamishe hapa hapa Tanga!

Wala si sisi peke yetu tuliokosea. Mwaka 1933, mjini Paris, msanifu mashuhuri Le Corbusier alikamilisha jengo la Jeshi la Wokovu lenye ukuta mkubwa wa kioo usiofunguka, ulioelekea kusini, upande ambao kule Ulaya ndio wa jua. Mitambo ya kupoza aliyoikusudia haikununuliwa kwa uhaba wa fedha. Kiangazi kilipofika, waliomo ndani walitaabika kwa joto, ikabidi madirisha yafunguliwe, na baada ya Vita Kuu ya Pili jengo likaongezewa vikinga jua kwa nje. Ikiwa kioo kilimshinda bingwa katika jua la Paris, sisi wa digrii 5 kusini ya Ikweta tunajidanganya nini?

JUA LA TANGA NA PEPO ZAKE

Sasa natoa habari njema. Tanga imejaliwa. Jua letu la adhuhuri liko juu utosini au karibu na utosi mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba huinamia kaskazini kidogo, na miezi iliyobaki huinamia kusini, tena kwa kiasi kidogo kuliko huko kaskazini. Kwa hiyo dirisha linaloelekea kaskazini au kusini ni rahisi sana kulikinga. Mwezi wa Juni, jua linapokuwa mbali kabisa upande wa kaskazini, upenu wa mita moja na robo hivi unatosha kulitia kivulini adhuhuri dirisha lenye urefu wa mita mbili. Kwa upande wa kusini, mwezi wa Desemba, hata sentimita 70 zinatosha. Lakini mashariki na magharibi jua huja likiwa chini, likachungulia ndani ya upenu wowote ule, na hapo hapana dawa isipokuwa ukuta, mti, varanda pana au vikinga vya kusimama.

Pepo zetu nazo zinakubaliana na jua. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki katika miezi ile ya joto kali, na kusi huvuma toka kusini na kusini-mashariki kuanzia mwezi wa Aprili. Jengo lenye pande ndefu za kaskazini na kusini litapokea pepo zote mbili, na litawapa mgongo adui wawili, yaani jua la asubuhi na jua la alasiri. Zaidi ya hayo, mji wetu uko ukingo wa kusini wa ghuba. Anayetaka kuitazama bandari na kile Kisiwa cha Toten hutazama kaskazini. Basi mwenye hoteli anayetaka wageni wake waione bahari kupitia kioo kipana, na aweke kioo chake bila ya hofu: atie upenu wa kutosha na afanye sehemu ya kioo hicho ifunguke. Miji mingi ingetamani bahati kama hiyo.

Neno "ifunguke" nalisema kwa mkazo. Joto la Tanga si la jua tu. Ni la unyevu pia. Mwili wa mtu katika hewa yenye unyevu hupoa kwa kupitiwa na upepo. Kioo kisichofunguka kinamnyima mtu kitu pekee ambacho angekipata bure. Yale madirisha ya vipande vya vioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, ambayo mafundi huyaita luva na ambayo vijana wa leo huyadharau kuwa ya kizamani, yalikuwa na hekima yake. Unaweza kuyafungua yote, mvua ikanyesha, na upepo ukaendelea kuingia.

UMEME UKIKATIKA

Mtu atasema: "Tuna viyoyozi, upepo wa nini?" Mkoa huu unazalisha umeme wa maji tangu zamani, mtambo wa Hale wa megawati 21 ulianza mwaka 1964, na ule mpya wa Maporomoko ya Pangani wa megawati 68 ukaanza mwaka 1995. Hata hivyo, mgao wa umeme wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 ulitufika sisi kama ulivyowafika wengine. Mliokuwa kazini miaka hiyo mnakumbuka. Katika jengo lenye madirisha ya kufunguka, watu walifungua madirisha wakaendelea na kazi. Katika jengo la kioo kilichofungwa, watu walitoka nje wakakaa chini ya mwarobaini. Kazi ya umma ikangoja umeme.

Leo umeme umeongezeka nchini tangu bwawa la Mwalimu Nyerere, katika Mto Rufiji, lianze kuzalisha mwaka 2024. Lakini umeme mwingi si sababu ya kuutupa. Kila uniti inayotumika kuliondoa joto tuliloliingiza wenyewe ni uniti iliyonyimwa mashine ya kusaga, maabara ya shule au chumba cha upasuaji.

HATARI INAYOSAHAULIKA

Nimesema juu ya gharama. Sasa niseme juu ya damu. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Wengi wa majeruhi hao hawakuwamo ubalozini. Walikuwa katika maofisi ya jirani: walisikia mshindo wa kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, ndipo mlipuko mkubwa ukawarushia vioo usoni. Wako waliopofuka siku hiyo kwa sababu tu walikuwa wamesimama nyuma ya kioo cha kawaida.

Wala tusingoje mabomu. Katika jengo moja la ofisi nililolifahamu, tarishi mmoja, akiwa amebeba majalada mikononi, aliukuta mlango wa kioo uliosafishwa vizuri mno, asiuone. Kioo kilivunjika vipande virefu mfano wa visu, kikamkata mkono hadi kwenye mshipa. Alipona, lakini vidole viwili havikurudi kufanya kazi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba katika zabuni iliandikwa "kioo", basi. Neno moja tu! Mkandarasi alileta kioo kilichokuwa rahisi kuliko vyote, naye hakuvunja mkataba.

Kwa hiyo nawaombeni, hasa ninyi wa kamati za zabuni, mjue kwamba kioo si kitu kimoja. Kipo kioo cha kawaida, ambacho kikivunjika hutoa ncha kali. Kipo kioo kilichokazwa kwa moto: hutiwa katika tanuri lenye joto la digrii 600 na zaidi, kisha kikapozwa ghafla kwa hewa. Hiki kina nguvu mara nne hivi ya kile cha kwanza, na kikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo zisizokata sana. Hakikatwi wala kutobolewa baada ya kukazwa, hivyo vipimo vyake hapana budi viwe sahihi tangu mwanzo. Na aghalabu kiwanda hupiga muhuri usiofutika kwenye pembe yake. Usipouona muhuri, uliza. Cha tatu ni kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari: kikivunjika, vipande hushikwa na ule utando visianguke. Milango na kuta za vioo ziwe za aina ya pili au ya tatu. Vioo vya juu ya vichwa vya watu viwe vya aina ya tatu. Na kila kioo kipana mlangoni kitiwe mstari au alama, mahali pa usawa wa macho, mtu akione.

KUKARABATI SI KUBOMOA

Nawageukia wenye majengo ya zamani. Hapa mjini, na kule Pangani, tunayo majengo ya biashara yenye umri wa miaka mia na zaidi. Siku hizi ukarabati umekuwa na maana moja tu: ng'oa mbao, bomoa kibaraza, tia alumini na kioo. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa haufanani na ukuta wa zege. Umezoea kubeba uzito kwa unene wake wote, na umezoea kupumua. Ukitoboa tundu pana katikati yake ili kuingiza kioo cha duka, umeondoa sehemu ya kilichoibeba ghorofa ya juu. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya lile Jumba la Ajabu la Zanzibar nililolitaja ilianguka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba kioo kilikuwa sababu, la hasha. Nasema kwamba jengo la kale ni mzee mgonjwa: haguswi na mtu asiyeujua mwili wake. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na tunayo Idara inayohusika. Tuiulize kabla ya nyundo, si baada yake.

Tena chumvi ya bahari haina huruma. Madirisha ya chuma ya miaka ya 1950 na 1960, yanapopata kutu, huvimba na kuvipasua vioo vyenyewe. Anayebadilisha kioo bila ya kuishughulikia fremu atarudi dukani mwaka ujao. Hata alumini ya bei ya chini, karibu na bahari, huota madoa na vijishimo. Fedha iliyokusudiwa kioo kipana isiyo na fedha ya fremu bora, mipira ya kuzuia maji na kazi ya kuosha chumvi kila baada ya muda, ni fedha iliyotupwa baharini.

Nakiri kwamba mwenye duka anayo hoja. Bidhaa isiyoonekana hainunuliwi, na kioo cha mbele humwonyesha mpita njia kilichomo ndani. Haya, na atie kioo! Lakini akitie nyuma ya kibaraza, si mahali pa kibaraza. Mnunuzi atasimama kivulini, atatazama bila ya kupigwa na mng'ao, na vitambaa vilivyopangwa dirishani havitapauka kwa jua. Kioo na baraza ni ndugu. Aliyewagombanisha ni fundi asiyefikiri.

MIFANO YA NYUMBANI

Wako wanaosema kwamba bila ya ukuta wa kioo jengo haliwezi kuitwa la kisasa. Hii ni kasumba. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli. Mapaa yake yaliyosimama kama miavuli iliyogeuzwa hukusanya maji ya mvua, na pande zake zilizo wazi hupitisha hewa kwa maelfu ya watu bila ya kiyoyozi. Lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, nchi nzima ilihuzunika, na Serikali ikaamua kulikarabati, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba lile ni jengo lililoieleza nchi yake.

Kule Harare, mwaka 1996, lilifunguliwa jengo la maduka na maofisi liitwalo Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce, ambalo kuta zake nzito hupozwa kwa hewa ya usiku, kwa mfano wa kichuguu cha mchwa. Lakini tusiige hata hilo kwa upofu. Usiku wa Harare ni wa baridi na ukavu. Usiku wa Tanga una joto na unyevu. Dawa ya Harare ni ukuta mzito, dawa ya Tanga ni kivuli na upepo. Usiache mbachao kwa msala upitao, hata kama msala huo umefumwa Afrika.

Na wako wanaosema: "Zamani kioo bapa kiliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni; leo tunacho kiwanda Mkuranga." Ni kweli, kiwanda cha vioo bapa kilizinduliwa huko mwaka 2023, nasi tunajivunia. Kuwa na kiwanda chetu ndiyo sababu ya kutumia kioo kwa akili, tena kioo bora. Nchi yenye kiwanda cha sukari haiwalazimu wananchi wake kuitia katika samaki.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa kuondoka bila ya mapendekezo. Kwanza, halmashauri zetu, zinapopokea maombi ya kibali cha ujenzi cha jengo la biashara, ziulize mambo matatu: kioo kinaelekea wapi, kinakingwa na nini, na sehemu gani inafunguka. Mchoro usiojibu urudishwe kwa msanifu.

Pili, kamati za zabuni ziache kuandika "kioo" peke yake. Ziandike aina, unene, mahali na alama, na mkaguzi athibitishe kabla ya malipo.

Tatu, mwenye kutaka kujenga atafute msanifu aliyesajiliwa na bodi yake, na amtake afanye hesabu ya umeme wa miaka kumi, si ya bei ya ujenzi peke yake. Jengo la bei ndogo lenye hati kubwa ya umeme ni mkopo usiokwisha.

Nne, waliokwisha kujenga wasikate tamaa. Kikinga jua kilichowekwa nje ya kioo kina faida kubwa kuliko pazia lililowekwa ndani, kwa kuwa pazia hulipokea jua likiwa limekwisha ingia. Kiunzi cha mbao, jamvi, hata mti uliopandwa upande wa magharibi, vyaweza kuiokoa ofisi iliyoharibika.

Tano, na hili ni la walimu. Wafundisheni wanafunzi kulipima jua. Wasimamishe kijiti uani, wapime kivuli chake mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, wachore paa linalofaa kwa dirisha la darasa lao. Mtoto aliyefanya kazi hiyo akiwa na miaka 13 hatadanganywa na mchoro unaometameta atakapokuwa mjumbe wa kamati akiwa na miaka 40.

Ndugu zangu, nimalizie kwa yule binti mpokea fedha. Niliporudi katika ofisi ile baada ya miezi kadhaa, nilimkuta ameondoka pembeni, amerudi kukaa mahali pake karibu na kioo. Nikadhani labda wamepata mtambo mkubwa zaidi. Haikuwa hivyo. Mlinzi wa jengo, mzee mmoja aliyetoka vijijini, alikuwa amesimamisha nje nguzo nne, akatandika juu yake makuti, kama kibanda cha mvuvi. Mapazia yalikuwa wazi. Taa zilikuwa zimezimwa. Wakubwa wa ofisi waliona haya kwa ajili ya yale makuti, wakasema yanaharibu sura ya jengo. Binti yule aliniambia, "Wakiyaondoa, baba, mimi nitarudi pembeni na khanga yangu."

Mzee yule hakusoma usanifu wa majengo, lakini aliona mtu anaumia, akatafuta alikotoka jua. Nasi tuliosoma, tuanzie alipoanzia yeye.